Mara ya Mwisho Mlijua Mko Wapi?

Msimu mmoja na klabu ya mbio za ramani mjini Göteborg, Uswidi: matope, supu ya njegere, harufu ya iliki, na swali moja ambalo wanandoa wawili walilihitaji kuliko dira.

"Tumepotea," nilimwambia mume wangu.

"Hatujapotea. Kituo kipo hapa hapa, wewe subiri," akajibu, huku akiigeuza ile ramani kama mtu anayetafuta upande wa kutandikia mkeka.

Ilikuwa Jumanne jioni, Agosti 2023, ndani ya msitu wa Delsjön, mashariki ya jiji la Göteborg. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, viatu vimejaa maji, na mtoto wa kama miaka tisa alikuwa ameshatupita mara mbili. Mara ya pili akatupungia mkono! Tulipewa njia ya wanaoanza, kilomita mbili na nusu tu. Saa nzima na dakika kumi zilikuwa zimekwisha na bado tulikuwa tunatafuta kituo cha nne kati ya tisa.

Kama uko kwenye ndoa, mpenzi msomaji, unajua kilichofuata. Tulianza na ramani, tukamalizia na mengine yote: nani alitaka kuja Ulaya, nani aliacha kazi yake ya benki Dar, nani hajui kuomba msaada hata anapozama. Kwa bahati nzuri hakuna aliyetuelewa. Ile misonobari imesikia Kiswahili chote siku ile, mpaka kile cha Tanga cha uani.

Tulifikaje huko?

Tulihamia Göteborg Januari 2023. Mwenzangu ni injinia, alipata mkataba wa miaka miwili. Mimi niliacha kazi nikamfuata, kwa makubaliano yaliyofanyika jioni moja Raskazone tukiangalia bahari: tukae miaka miwili, halafu tukae chini tuzungumze upya. Ilionekana rahisi. Upepo wa bahari una namna yake ya kurahisisha mambo.

Göteborg ni jiji la pili kwa ukubwa Uswidi, na ni jiji la bandari, kwa hiyo nilidhani nitaona kama niko nyumbani. Tramu za rangi ya samawati na nyeupe zinapita katikati ya barabara, mikahawa kila kona, watu wapole. Lakini Januari jua linaondoka kwenye saa kumi alasiri, na watu wapole wale wanaingia ndani wanafunga milango. Ndani ya lifti kila mtu anaangalia viatu vyake. Mimi niliyezoea kusalimiana na mtaa mzima kabla sijafika dukani, nilikuwa namaliza wiki sijaongea na mtu zaidi ya mwalimu wa lugha na mume wangu. Naye alikuwa anarudi amechoka, anakula, anafungua kompyuta. Tukawa kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Jirani wa ghorofa ya chini ndiye aliyetuambia kuhusu klabu. Alikuwa anatoka kila Jumanne na suruali imejaa matope hadi magotini na uso umejaa furaha. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema, "Njooni mwone."

Mchezo wenyewe ni huu

Unapewa ramani ya msitu yenye vituo vilivyochorwa duara na namba. Porini, kila kituo kina kibendera cha rangi ya machungwa na nyeupe. Kidoleni unavaa kijiti kidogo cha elektroniki. Ukifika kituoni unakichomeka kwenye kisanduku, kinalia "pii", na muda wako unaandikwa. Unakwenda kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, mpaka mwisho. Njia ya kutoka kituo hadi kituo hujachorewa, unaichagua mwenyewe. Anayemaliza mapema ndiye mshindi, na mwenye mbio kali bila akili huwa anafika mbali sana, upande usiotakiwa.

Mchezo huu ulianza kama mafunzo ya wanajeshi wa Skandinavia. Mashindano ya kwanza ya wazi kwa raia yalifanyika karibu na Oslo, Norway, mwaka 1897. Mwaka 1919 Mswidi mmoja, Ernst Killander, kiongozi wa skauti na mwanajeshi, akaandaa mashindano makubwa nje ya Stockholm, na toka hapo Waswidi hawajatoka msituni. Shirikisho la kimataifa liliundwa Copenhagen mwaka 1961 na nchi kumi.

Kinachousaidia mchezo huu kule ni desturi wanayoiita allemansrätten, yaani haki ya kila mtu. Unaruhusiwa kutembea kwenye msitu hata kama ni mali ya mtu, kuchuma matunda ya porini na hata kupiga hema usiku mmoja, mradi usiharibu, usisumbue, na usipite kwenye mazao wala uani kwa watu. Tangu mwaka 1994 haki hiyo imetajwa kwenye katiba yao. Kwangu mimi niliyekulia karibu na Amani, Muheza, ambako mtoto akienda msituni ni kwa ajili ya kuni au dawa na anarudi haraka, hili lilikuwa jipya. Eti watu wazima, wenye kazi zao, wanaingia porini makusudi ili wahangaike!

Sasa nirudi kwenye kituo cha nne. Tulikuwa tumekosea nini? Rangi. Kwenye ramani zetu za shule kijani ni msitu na nyeupe ni mahali patupu. Kwenye ramani za mchezo huu, nyeupe NDIYO msitu, ule mzuri wa kupitika mtu anakimbia. Kijani ni kichaka, na kadiri kinavyokolea ndivyo usivyoweza kupita. Mahali pa wazi ni njano. Sisi tulikuwa tunatafuta uwanja mweupe ndani ya msitu, na tulikuwa tumesimama katikati yake.

Aliyetukuta ni mama mmoja wa miaka 71, mwanachama wa siku nyingi, aliyetumwa kututafuta. Alitukuta tumepeana migongo. Hakuuliza tunagombania nini wala hakuonyesha kituo kilipo. Aliuliza swali moja:

"Mara ya mwisho mlijua mko wapi?"

Tukatazamana. Mume wangu akaonyesha kidole: ukuta wa mawe, kule tulikovuka kijito.

"Basi rudini pale, mwanzie pale. Kila hatua mnayoendelea kupiga wakati hamjui mlipo, mnainunua mara mbili."

Tukarudi. Kutoka kwenye ule ukuta, kituo cha nne kilikuwa mita 120. Tumekipita mara tatu.

Supu, sauna na iliki

Watu wengi wanadhani klabu ya michezo ni mbio. Hapana. Mbio ni Jumanne na Jumapili. Klabu yenyewe ni nyumba ya mbao pembeni ya msitu, ina jiko, meza ndefu, na rafu ya viatu inayonuka kama unavyofikiria.

Siku ya kwanza tuliyoingia ndani, tumelowa na tumenuniana, nilisikia harufu nikasimama mlangoni. Iliki! Si kidogo, iliki ya kutosha. Kumbe Waswidi wanatia iliki kwenye mikate yao ya kahawa, wameanza zamani, na wanaila kama sisi tunavyokula maandazi. Mimi harufu ile ni ya bibi yangu Amani, ni ya magunia yaliyoanikwa uani. Nililia pale pale mlangoni, jamani, na viatu vya matope. Yule mama mzee akadhani nimeumia mguu.

Wiki iliyofuata nilipeleka maandazi arobaini. Yalikwisha kabla chai haijachemka. Toka siku hiyo nikawa na cheo.

Alhamisi za majira ya baridi ni supu ya njegere na chapati zao nyembamba za maziwa na mayai, zinaliwa na jamu. Ni desturi ya nchi nzima, Alhamisi ni njegere. Supu ya kawaida inatiwa nyama ya nguruwe. Nilipowaambia sili, hakuna aliyeuliza maswali, na Alhamisi iliyofuata kulikuwa na sufuria mbili. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanamfanya mtu abaki.

Halafu kuna sauna. Shosti, hapo ndipo nilipokiona cha moto kweli! Wanawake saa moja, wanaume saa mbili, na wenzangu wanaingia kama walivyozaliwa, wabibi kwa wasichana, wanazungumzia kontua na magoti. Mimi niliingia na kanga yangu nimejifunga kifuani barabara. Hakuna aliyecheka. Baada ya mwezi wawili kati yao walikuja na kanga zao, nilizowaletea mimi.

Shida niliyoipata ni majina. Uswidi kila mtu anaitwa kwa jina lake, awe bosi, awe babu. Mimi mwanamke wa miaka 71 nimwite kwa jina, kama rika langu? Mdomo ulikataa. Nikaamua kumwita Shangazi, nikamweleza maana yake, na akakubali kwa furaha kubwa. Sasa hivi klabu nzima inamwita Shangazi, na watoto wanampa shikamoo. Wengine wanaitikia "marahaba" kabla hawajasalimiwa, lakini tunakwenda nalo polepole.

Msimu unapofunguka

Novemba mpaka Februari mazoezi ni gizani. Unavaa taa kichwani, unaona mita chache mbele, na vituo vina vibati vinavyong'aa ukivimulika. Mara ya kwanza niliogopa mpaka nikasoma dua zote. Lakini gizani unajifunza kitu: huwezi kutegemea macho yako, unategemea dira na kuhesabu hatua. Ramani ya 1:10,000 kila sentimita ni mita 100. Mimi mita 100 ni hatua 66 za kulia njiani, 80 kwenye mawe. Mume wangu hajui zake mpaka leo, anasema anakadiria.

Mwezi wa nne theluji imeondoka na mashindano yanaanza. Kila Jumapili ni mahali pengine: hema la klabu linasimamishwa, watoto wanavua soksi, mtu anakaanga soseji. Washindani wanaondoka mmoja mmoja kwa dakika zao, na kuna makundi ya umri toka watoto wa miaka kumi mpaka wazee waliopita themanini. Nimewahi kupitwa na bibi mwenye fimbo. Hakuwa anakimbia, alikuwa anajua anakokwenda.

Mashindano makubwa ya majira ya kuchipua ni Tiomila, mbio za kupokezana zilizoanza mwaka 1945. Wanaume wanakimbia vipande kumi usiku kucha mpaka asubuhi, wanawake vipande vitano. Sisi mwaka 2024 tulikwenda kama wapishi wa uji. Saa tisa usiku nimesimama na mwiko, nikaona mstari wa taa unashuka mlimani kama tumbili wamewashiwa mishumaa. Mume wangu alikuwa pembeni yangu amebeba sukari. Tulicheka usiku ule kama hatujacheka tangu Dar.

Julai tukaenda O-Ringen, sherehe ya mchezo huu iliyoanza mwaka 1965, mashindano matano ndani ya wiki moja, maelfu kwa maelfu ya watu. Mwaka 2024 ilikuwa Oskarshamn, pwani ya mashariki, msitu wa mawe makubwa yenye ukoka wa kijani kama zulia, na matunda madogo ya buluu unayoyachuma huku unapita. Mji wa mahema unaota, foleni za kuoga, vijana wanapeana namba. Nasikia ndoa nyingi za Waswidi zimeanzia kwenye mahema ya O-Ringen. Siwezi kukanusha, nimeona kwa macho yangu jinsi watu wanavyosaidiana kutafuta dira iliyopotea.

Tatizo la picha nzuri

Ukiangalia picha zetu za kiangazi kile ungesema hawa wamefika. Mimi nilikuwa nimepata marafiki, yeye amepata marafiki. Lakini nyumbani tulikuwa bado tunatembea bila ramani. Tulizungumza kuhusu klabu, vituo, viatu. Ile "miaka miwili halafu tukae chini" ilikuwa inakaribia mwisho na hakuna aliyeigusa.

Septemba, usiku mmoja, nilitafuta bei ya tiketi ya kwenda Dar. Ya kwenda tu. Sikununua. Niliiacha wazi kwenye kompyuta, nikalala. Asubuhi ilikuwa imefungwa. Hakusema kitu, nami sikusema kitu.

Oktoba 2024 ikaja 25-manna, mashindano ya kufunga msimu, nje ya Stockholm. Timu moja ni watu 25, wanapokezana, baadhi ya vipande watu kadhaa wanakimbia kwa pamoja. Uzuri wake, huwezi kupanga wanaume wenye nguvu watupu. Lazima uwe na wanawake, vijana, na wazee. Timu yetu ya pili ilipungukiwa mwanamke mmoja baada ya mtu kuugua. Shangazi akapiga simu: "Tunakuhitaji." Si kwamba walitaka kunisaidia. Bila mimi timu haikamiliki. Sijui kama naweza kueleza ni muda gani nilikuwa sijasikia neno hilo.

Nikakimbia. Vituo vitatu vya kwanza vizuri. Cha nne, tena cha nne, nikateremka upande usio wake wa kilima. Watu wananipita pande zote, na moyo unasema kimbia nao, watakuwa wanajua. Nikasimama. Mara ya mwisho nilijua niko wapi? Kwenye njia panda, juu. Nikapanda tena kile kilima chote huku wenzangu wanashuka. Inauma, wallahi. Lakini kituo nilikipata.

Nilipotokea uwanjani timu yetu ilikuwa karibu na mkia. Wanaopokea kijiti walikuwa wameshapoa miili. Na klabu nzima ilikuwa imesimama kwenye kamba inapiga kelele, wengine "haya, haya!" niliyowafundisha mimi. Mume wangu alikuwa mbele yao wote, sauti imemkauka.

Ndani ya basi

Toka Stockholm hadi Göteborg ni karibu kilomita 470. Basi lilikuwa giza, watoto wamelala, vioo vimefunga ukungu. Tulipokaribia nusu ya safari mume wangu akasema polepole, bila kunitazama:

"Mke wangu. Mara ya mwisho tulijua tuko wapi?"

Sikujibu haraka. Nilijua haulizi ramani.

"Raskazone," nikasema. "Tulisema miaka miwili, halafu tukae chini."

Akanyamaza. Halafu akasema mkataba wake unaisha Desemba na hautaongezwa. Alijua tangu Juni. Aliona aibu kuniambia, baada ya mimi kuacha kazi yangu. Aliiona ile tiketi, akaona ndiyo malipo yake, akaifunga.

Nilikasirika. Miezi minne! Lakini huwezi kufoka ndani ya basi la watoto waliolala, na nadhani hiyo ilitusaidia. Tulinong'ona mpaka Göteborg. Nilimwambia jinsi asubuhi zangu zilivyokuwa ndefu, jinsi ninavyohesabu sauti za lifti. Akasema hakujua. Nikasema sikuwahi kumwambia. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kesho yake tulikaa na karatasi, kama tulivyoahidiana baharini. Tukapeana mpaka Juni 2025. Yeye atafute kazi, mimi nimalize lugha na kutafuta yangu, na isipowezekana turudi wote wawili, kwa tiketi mbili, bila anayemlaumu mwenzake. Yeye alipata Machi. Mimi nilipata Mei, ofisi ndogo ya mahesabu. Tumebaki, kwa sasa. Lakini kwenye mlango wa friji kuna tarehe moja ya kila Juni imezungushiwa duara, kama kituo. Siku hiyo tunakaa chini na kuulizana lile swali la Shangazi, iwe tumepotea au la.

Bado tunagombana msituni. Juzi tu aliniambia, "Hatujapotea." Nikamtazama. Akasimama sekunde kama tano hivi, akageuka, akaanza kurudi kwenye njia panda.

UKITAKA KUJARIBU WEWE NA MWENZAKO

Huhitaji kwenda Uswidi. Msitu wa Karura, Nairobi, una njia panda zenye namba, na kwa mwenye ramani tayari ni mchezo mzuri wa Jumamosi. Kwa walio Dar, msitu wa Pugu upande wa Kisarawe hauko mbali. Pata ruhusa na maelekezo ya wahusika wa hifadhi kwanza.

Ramani iwe ya karatasi. Simu iwepo kwa dharura, lakini iwe ndani ya begi.

Geuza ramani, si mwili. Kaskazini ya ramani ielekee kaskazini ya dira, ndipo uanze kuchagua njia.

Peaneni zamu. Mmoja akishika ramani kituo hiki, mwingine ashike kinachofuata. Asiyeshika haruhusiwi kusema "nilikuambia."

Vaa suruali ndefu, mjulishe mtu mnakokwenda na saa ya kurudi, na beba maji.

Mkipotea, semeni mapema. Halafu rudini mlipopajua mara ya mwisho.

Na msisahau maandazi. Yenye iliki.